Mstari Tuliotarajia

Ulianza Jumatatu, saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, ule mwaka ambao mpaka leo nauita mwaka wa Kimironko, mtaa ilipokuwa karakana yetu ya kompyuta. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimefika mapema nikaogopa kupanda ngazi. Nikasimama chini kwa mafundi cherehani nikijifanya naangalia vitenge, mpaka mmoja wao, mama mnene mwenye pini mdomoni, akaniambia kama sinunui basi nimshikie kitambaa akikate. Nikakishika. Ndivyo Clarisse alivyonikuta: mgeni wa kazi ya kompyuta, mikono miwili nimeinyoosha, kitenge cha njano kimenifunika mpaka kidevuni. Akacheka. Akauliza kama mimi ndiye Aline anayekuja kujifunza kazi, nikaitikia kwa kichwa, akasema twende juu haraka, hapa chini watakufanya fundi kabla ya saa sita.

Nayaandika haya kwa sababu wiki iliyopita tumemzika Mzee Shabani, mwenye karakana ile ya juu. Nina miaka kumi na tisa. Mwaka ninaousema nilikuwa na kumi na saba, nimetoka tu kumaliza sekondari, sijui kuzungumza na watu nisiowajua, na wala na wengi ninaowajua. Mambo ya kwetu nyumbani nayaacha, hayana kazi hapa. Nilipokuwa msibani Biryogo, nimeketi mkekani kati ya wanawake, kila aliyepita aliniuliza hali nami nikamjibu niko sawa. Sikuwa nadanganya. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unajua uko pale, unauona, lakini ukiugusa ni kama wa mtu mwingine. Walileta chai, nikaipitisha kwa jirani. Walisoma dua, nikaangalia nyuzi za mkeka. Mzee mwenyewe alikuwa na ugonjwa wa moyo ambao hakuna kati yetu aliyeujua, maana kila ukimuuliza hali alijibu alhamdulillahi, na alhamdulillahi ya siku njema na ya siku mbaya ilikuwa na sauti moja.

Chumba chetu kilikuwa kimoja, na madirisha mawili: moja linatazama mabati ya soko, jingine linatazama ukuta. Kulikuwa na meza nne, birika la umeme, zulia la kusalia limekunjwa juu ya kabati, na ubao mweupe ambao haukufutika vizuri, kwa hiyo mawazo ya mwezi uliopita yalibaki chini ya mawazo ya leo kama kivuli. Harufu ya pasi ya makaa ilipanda kwa ngazi tangu asubuhi. Maneno ya mafundi yalipanda nayo: nani ameachwa, nani amerudiwa, nani ameongeza kodi ya meza. Walikuwa na redio ya mahubiri ambayo Clarisse hakuivumilia. Kila asubuhi, kabla hajakaa, alifungua mlango akaita chini kwa kile Kiswahili cha Bujumbura tulichokulia sisi wawili kwamba mchungaji apumzike kidogo, Mungu ameshajua anachotaka. Wao wakamjibu kwa Kinyarwanda maneno ambayo siyaandiki. Kisha alitundika mwavuli kwenye msumari, akasema chai iko? Kila siku, hayo matatu: redio, mwavuli, chai.

Kazi yetu kubwa ilikuwa programu ya kulinda vyumba vya baridi katika ghala moja huko Masoro, mahali mboga na pilipili zinapowekwa kabla hazijapelekwa uwanja wa ndege. Programu ilisoma joto la kila chumba, na kwa kila ilichokifanya iliandika mstari mmoja: nimesoma joto, nimewasha feni, mlango umeachwa wazi. Mistari hiyo tuliiita logi. Mambo mengine yote ya kazi yalinichukua wiki nyingi, lakini logi niliielewa siku ile ile, kwa sababu ni shajara, na mimi nimeandika shajara tangu nikiwa mdogo. Clarisse alinieleza kwamba watu wa karakana hupima programu kabla ya kuipeleka Masoro, wanaangalia kama inahesabu vizuri, ila hakuna anayepima kama inasema inachopaswa kusema. Tulitakiwa mimi na yeye kutengeneza API ya kazi hiyo, yaani amri chache ambazo wenzetu wangeziita kwenye majaribio yao bila kujali ndani yake kuna nini. Tukaziandika ubaoni kama tulivyozungumza. Ya kwanza, sikiliza. Ya pili, lazima isikike. Ya tatu, isisikike. Ya mwisho, funga, ambayo inasema sasa tumemaliza kusikiliza, toa hukumu. Mzee Shabani alipita na kikombe chake, akasoma, akasema inafanana na kufundisha watoto Kurani chuoni, akaendelea na safari yake ya kwenda kwenye birika.

Nilianza vibaya, na kwa bidii. Niliandika majaribio yanayolinganisha mstari neno kwa neno. Clarisse aliyaangalia yote yakipita, akaenda kwenye kompyuta yake, akabadilisha mahali palipoandikwa "joto limepanda" pakawa "joto limeongezeka", akaniita. Yote yalikuwa yameanguka, skrini nzima nyekundu.

"Chumba ni kile kile, joto ni lile lile," akasema. "Wewe unapima maneno, Aline. Pima kilichotokea."

Basi tukaamua kila mstari ubebe vitu vitatu mbali na maneno yake: jina la tukio, chumba gani, na uzito. Uzito ulikuwa wa ngazi tatu, taarifa, onyo na kosa. Maneno mtu angeyapamba anavyotaka. Nilipenda sana uamuzi huo. Nilikuwa na umri ambao mtu anapenda kusikia kwamba maneno si kitu.

Kisha chumba cha tatu cha Masoro kilizimika asubuhi na hakuna aliyejua mpaka jua lilipokuwa linashuka. Bwana Innocent, msimamizi wa ghala, alipiga simu. Hakupiga kelele, alisema tu kwa upole kwamba pilipili zimeanza kutoa jasho, na kama tuna nafasi tuje kuzitazama. Mzee alikwenda na Clarisse kwa moto, zile pikipiki za abiria, mimi nikabaki na majaribio yetu, ambayo yote yalikuwa ya kijani. Waliporudi tukafungua logi ya siku ile tukaisoma kwa sauti. Ilisema: "Chumba cha tatu kinapumzika kidogo, tunafuatilia." Uzito: taarifa. Baada ya hapo haikusema kitu tena mchana kutwa, kwa sababu programu yenyewe ilikuwa imekwama.

Nani anaandika kwamba friji inapumzika? Mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati. Akatueleza kwamba mwaka uliopita Bwana Innocent alikuwa na wageni kutoka nje, wamesimama mbele ya ile skrini kubwa ya ukutani, mara likatokea neno KOSA kwa wekundu. Kosa lenyewe lilikuwa dogo, mlango tu, lakini yule bwana aliona amefedheheshwa kwake mbele ya wageni. Alipiga simu akalalamika kwa huzuni, siyo kwa hasira, na hiyo ndiyo iliyomuuma Mzee. Akawaagiza vijana wa wakati ule wapunguze. Wakapunguza. Kila kosa likashushwa likawa taarifa, na kila taarifa ikatafutiwa maneno ya kumwambia mgonjwa. Kisha vijana wakaondoka na kila mtu akasahau. Sisi tukaja na jaribio letu linalosema isisikike kosa, na kosa likawa halisikiki, maana nyumba nzima ilikuwa na adabu.

Clarisse hakumlaumu. Alikaa akiangalia ubao, halafu akaniambia nifute programu yote ya chumba cha tatu kwenye kompyuta yangu, niache faili tupu, kisha niendeshe jaribio. Nikafanya. Likapita. Kijani safi. Hakukuwa na programu, hakukuwa na chumba, hakukuwa na kitu chochote kinachopumua mle ndani, na jaribio letu likasema yote ni sawa kwa sababu halikusikia malalamiko. Clarisse akacheka muda mrefu kidogo kuliko kilichochekesha.

"Hata maiti angepita hapa," akasema, akaacha kucheka.

Tulibomoa nusu ya kazi tukaianza upya. Uzito ungepimwa kwa kitakachoharibika, siyo kwa nani ataona aibu. Skrini ya ukutani ibaki na maneno yake ya upole, Bwana Innocent asiaibike, lakini chini yake logi ibebe uzito wa kweli. Na amri ya isisikike tukaifunga miguu: haikubali kuitwa peke yake. Kwanza useme nini lazima kisikike, kwamba joto limesomwa, kwamba chumba kimeitika. Hayo yakishasikika ndipo una haki ya kufurahia kwamba hakuna kosa. Ukifunga bila kusikia ulichotarajia, jaribio linaanguka, na linakuambia ni mstari gani haukuja. Mzee alisikiliza mpango huo na kikombe chake mkononi. Alisema binti zangu, mtu mwenye adabu hasemi kila kitu.

"Mzee, huyu si mtu," Clarisse akamjibu. "Huyu ni friji."

Akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye zulia la plastiki. Ndivyo ninavyomkumbuka, ingawa tukio hilo nikilikumbuka sasa halinifanyi chochote. Naliona tu, kama picha ya mtu niliyeambiwa habari zake.

Mchana tulikula melanje kwa mama mmoja karibu na kituo cha mabasi, ile sahani moja ya kila kitu: wali, maharage, ndizi, chipsi, isombe ya majani ya muhogo juu, na kipande kimoja cha nyama ambacho ukichukua viwili unaangaliwa. Clarisse alikuwa adui wa isombe ya pale. Haina chumvi, majani yamepondwa kivivu, mafuta ya mawese ni ya kupakwa tu. Na kila siku aliichukua, mlima mzima. Mama yule alimwambia aje apike yeye. Nilikuwa napenda kukaa kati yao nisiseme kitu. Halafu, sijui ni wiki gani, nilikuwa nakula nikasikia mahali palipokosekana kitu. Clarisse alikuwa amekula isombe kidogo, ameisukuma sahani, hajasema habari ya chumvi. Mama alimuuliza leo vipi, akajibu nzuri sana, asante. Mama akafurahi.

Wote walifurahi. Redio ya mafundi ilihubiri asubuhi nzima na mlango wetu haukufunguliwa. Yule mama wa pini akasema Clarisse amekua sasa, ametulia. Mzee aliniambia angalia mwenzako, kazi yake haina kelele. Ni kweli, alifika, alifanya kazi, alijibu. Ukimuuliza habari kwa Kinyarwanda, amakuru, anasema ni meza, yaani ni nzuri. Ukimuuliza kwa Kiswahili, anasema nzuri. Mwavuli ulikuwa ukilala sakafuni. Mimi nilikuwa nashinda siku nzima naandika amri za kutafuta mstari ambao haukuja, na jioni nikitembea kurudi nyumbani nikawa naihesabu mistari ya kwake: redio, hakuna. Mwavuli, hakuna. Chai iko, hakuna. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nini? Kwamba mtu mzima hajagombana na redio?

Ijumaa moja hakuja. Alituma ujumbe kwamba yuko sawa, ni mafua tu. Jumamosi baada ya chakula cha mchana nikapanda basi la Ndera, ambako alikuwa amepanga chumba kwenye zile nyumba mpya zilizo nyuma ya mashamba ya mtama. Mwenye nyumba alikuwa anaanua nguo. Alinionyesha mlango, akaniambia kwa fahari kwamba ana bahati na mpangaji huyu, hana wageni, hana muziki, tangu juzi hata mlango sijausikia. Aliyasema huku akikunja shuka, amefurahi kabisa.

Clarisse alifungua baada ya muda. Pazia lilikuwa limefungwa. Kwenye meza kulikuwa na sufuria kavu iliyooshwa zamani, na vitunguu vitatu vilivyoota majani marefu meupe yanayotafuta dirisha. Nilimwambia habari dada, akasema nzuri, karibu. Nikakaa. Nilijua kwamba nikimuuliza tena hali atasema tena nzuri, na tena, mpaka basi la mwisho. Sikuwa nimeandaa maneno. Niliangalia ile sufuria.

"Umekula nini leo?"

"Leo?" Aliangalia sufuria yeye pia.

"Basi jana."

Alikaa kitandani. Nilisubiri. Kusubiri ndicho kitu ambacho watu wenye haya tunakiweza. "Sikumbuki, Aline," akasema mwishowe. "Nasikia kama nimefunikwa na blanketi, watu wanaongea nje, mimi naitikia tu."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya pilipili."

Hakulia, nami sikulia. Nilikata vitunguu pamoja na majani yake, nikaenda kwa mwenye nyumba kununua mayai, nikakaanga. Alikula nusu. Alisema hayana chumvi, na nilipomwangalia niliona hata yeye amejisikia akisema. Nilipoondoka aliniomba nisimwambie mtu. Nikamwambia kwamba Jumatatu nitamwambia Mzee. Sijui nilipata wapi sauti ya kumkatalia mtu aliyenizidi umri. Nadhani niliisema nikiangalia mlango.

Jumatatu nilisimama tena chini kwa mafundi, nimeogopa ngazi kama siku ya kwanza, na mama wa pini bila kuuliza akanipa ncha ya kitambaa nishike. Nilikishika mpaka alipomaliza, nikapanda. Nilikuwa nimejiandalia maneno laini: kwamba Clarisse amechoka kidogo, anahitaji kupumzika. Yalifika mdomoni, nikaona yanafanana na nini. Nikamwambia Mzee kwamba Clarisse hali, halali, hasikii kitu, na kwamba ni jambo kubwa. Alifunga kalamu yake. Hakusema adabu, hakusema tuombe. Alishuka ngazi akachukua moto, na siku ile ile akakaa naye kwenye benchi la hospitali ya magonjwa ya akili iliyo huko huko Ndera, tangu asubuhi mpaka walipoitwa. Baadaye, karakana nzima ikiwa imekaa, alisema: Clarisse anaumwa, ugonjwa wake ni wa akili, anatibiwa, na meza yake inabaki. Kwa mtu aliyekuwa amefundisha friji kusema inapumzika, ilimchukua nguvu. Tuliiona shingoni mwake. Lakini aliusema uzito wake wote.

Mimi na Clarisse tulikubaliana jambo moja. Kila asubuhi, kabla ya chai ya karakana, ananitumia ujumbe wa alichokula. Asiseme anaendeleaje, hilo sikulitaka. Chakula tu. Ujumbe usipokuja, napanda basi. Asubuhi nyingine ilikuja "chai tupu." Nyingine "kiazi kitamu, nusu." Sikujibu kwa kumpongeza wala kumhimiza, niliandika tu nimesikia. Mara mbili haukuja, nikapanda basi. Kuelekea mwisho wa mwaka ulikuja mrefu, unaolalamika kwamba mwenye nyumba amempa isombe na ni mbaya kuliko ya Kimironko. Niliusoma nikiwa ngazini, nikakaa chini, mafundi wakanizunguka. API yetu ilikuwa inatumika wakati huo, Masoro kulikuwa kumetulia kwa utulivu wa kweli, muda wangu wa kujifunza ukaisha. Clarisse alirudi kwenye meza yake, na baadaye akapata kazi Rubavu. Ujumbe ukapungua, kisha ukakoma, na nikajua kukoma kule hakukuwa kubaya, kwa sababu aliniambia kabla.

Wiki iliyopita alikuja msibani kwa basi la asubuhi. Nilimwona akiingia uani Biryogo na mtandio aliouazima, umelegea, maana hakuwahi kujua kuufunga. Aliwapa pole wafiwa, akaja akakaa karibu yangu mkekani. Hakunipa pole. Nilitaka kumwambia kwamba sisikii kitu, kwamba mtu huyu alinipa mwaka mzuri kuliko yote na mimi nimekaa hapa kama gunia, lakini watu walikuwa wengi.

"Umekula nini leo?" akaniuliza.

"Niko sawa, dada."

"Sijauliza hivyo."

Nikatafuta. Nilitafuta kweli, kama unavyotafuta ufunguo mfukoni mwa nguo zote. Nilikumbuka chai niliyoipitisha kwa jirani. Nilikumbuka sahani fulani, ila sikuwa na uhakika kama ilikuwa ya siku ile au ya siku Mzee alipofariki. Clarisse alisubiri, sijui kama alijifunza kwangu. Nikamwambia sikumbuki. Hakushtuka. Alisema basi la Rubavu linaondoka sasa hivi, kesho nimwandikie, kabla ya chai. Sikulia hata hapo. Ila alipoinuka niliuona mkono wangu, nikagundua ulikuwa umeng'ang'ania ukingo wa mkeka kwa muda ambao siwezi kuukadiria, na nilipouachia vidole vikauma.

Asubuhi iliyofuata niliamka kabla ya wengine, nikakoroga uji, nikaunywa nikiwa nimesimama karibu na jiko. Haukuwa na ladha yoyote. Nikachukua simu, nikamwandikia Clarisse kwamba nimekunywa uji, kikombe kimoja, na chapati ya jana, nusu, nikautuma ujumbe kabla sijaanza kuupamba.